Kaseti ya Mtaliano na Betri za Kuanika

Jambo lote liligharimu mbuzi wawili, beberu mmoja na jike mmoja mwenye mimba, nusu mche wa sabuni, betri kumi na saba ambazo hata moja haikuwa nzima, matairi mawili ya baiskeli, na neno moja ambalo sikulisema. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza zilitoka betri kumi na sita, halafu nikakumbuka ile ya tochi ya mlinzi wa zahanati.

Hesabu hiyo ni ya pande zote mbili, yangu na ya shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, mwalimu wa kwaya katika kigango kimoja cha Butiama. Yeye akihesabu, mbuzi wanaongezeka. Tutafika huko.

Beberu ndiye aliyetangulia. Wakati huo nilikuwa nakaa Bweri, pembeni ya mji wa Musoma, ambako bado mashamba yalikuwa mengi kuliko nyumba, na kazi yangu ilikuwa kujua nani ana nini na nani hana. Ni ile miaka ya sukari ya foleni na sabuni ya kibali, mtu akivaa shati jipya anaulizwa amelipata wapi kabla hajaulizwa habari za nyumbani. Sikuwa mlanguzi. Walanguzi walikuwa na maghala, mimi nilikuwa na baiskeli.

Kwenye gereji ya misheni pale Musoma mjini palikuwa na fundi Mtaliano. Alikuja kwa kujitolea, kutengeneza magari, wala hakuwa na daraja lolote la kanisa, lakini kila mtu alimwita bruda. Wataliano wote tuliowajua walikuwa mapadre, mabruda au masista. Mtaliano wa hivihivi tulikuwa hatujamwona. Ndani ya mlango wa kabati lake la spana alibandika picha ya msichana mwenye nywele ndefu, na wafanyakazi wa gereji wakawa wanawaambia wageni kwamba ni mtakatifu wa kijijini kwao.

Mkataba wake ulipoisha akaanza kuuza vitu. Mzungu akiondoka vitu vyake vinapangwa barazani, na watu wanapita kuuliza bei hata ya kijiko. Mimi nilifika siku ya mwisho, kwa makusudi, maana siku ya mwisho muuzaji amechoka. Vilikuwa vimebaki viatu vya mguu mkubwa kuliko miguu yote ya Musoma, na redio ya kaseti.

"Hii bei gani, bruda?"

"Mbuzi."

"Mbuzi mzima kwa redio iliyochubuka?"

"Redio haili majani. Mbuzi wako anakula kila siku. Nakupunguzia gharama."

Nikaona huyu amekaa Musoma vya kutosha. Alitaka nyama ya kuwaagia wenzake wa gereji, na nyama ya bucha ilikuwa habari ya kusimuliwa. Nikamwambia aiwashe kwanza. Akachomeka waya ukutani, misheni walikuwa na umeme wa jenereta, akabonyeza.

Palitoka kelele ambayo mimi sikuwahi kuisikia kwa karibu. Magita yalikuwa kama mtu anaburuta mabati juu ya mawe, lakini kwa mpango. Dramu zilikimbia. Halafu akaingia mwanamume mwenye sauti kavu, anaongea zaidi kuliko anavyoimba, kama mtu anayelalamika dukani kwamba amepunjwa. Kuku wa misheni walihama.

"Nini hii?"

"Roki," akasema. "Jamaa wa kwetu. Anaandikaga mwenyewe, anaimbaga mwenyewe. Ni mashairi, ila yana kelele."

Tukakubaliana beberu. Lakini kabla ya kunikabidhi aliitoa ile kaseti, akaitazama, akaitia mfukoni. Nikamwambia redio ya kaseti isiyo na kaseti ni sanduku. Akasema kaseti ni bei nyingine. Nikamuuliza anahitaji nini. Akanionyesha shati lake. Nusu mche wa sabuni, basi, kutoka kwenye akiba yangu, nikampimia kwa uzi, naye akapima tena kwa vidole. Tulipeana mikono kama watu wawili waliopunjana sawasawa.

Kwenye karatasi ya ndani palikuwa na picha ya mwimbaji. Mtu wa ndevu nyingi, koti jeusi refu, amesimama mbele ya kituo cha mafuta kilichofungwa. Nilimwelewa mara moja. Vituo vyetu navyo vilikuwa vimefungwa. Nyimbo zilikuwa tisa, tano upande mmoja na nne upande wa pili. Nilizihesabu kwenye karatasi, kisha nikazihesabu kwa sikio, zikalingana. Mtaliano hakuniibia.

Haikupita miezi mingi, msako ukaanza. Walianza na wenye maghala, wakashuka kwa wenye maduka, na ilipofika kwamba jirani yangu mmoja amechukuliwa na doti zake sita za khanga, niliona zamu ya wenye baiskeli iko karibu. Watu walikuwa wakifukia vitu shambani. Wengine walitupa ziwani, na wavuvi wa asubuhi wakawa wanavua vitu visivyo na magamba. Mimi niliifunga redio ndani ya gunia la mihogo mikavu, nikapanda baiskeli hadi Guta, upande wa Bunda, kwa shangazi yangu mlima pamba.

Nilikaa pale wiki saba, sina biashara. Mchana shangazi akienda shambani nilikuwa naweka sikio kwenye spika, sauti chini kabisa. Hapo ndipo nilipoujua ule muziki wote, wimbo kwa wimbo. Wa kwanza ulianza na gita moja lililonguruma kama pikipiki inayokataa kuwaka. Wa tano haukuwa na dramu kabisa, yeye na gita lake tu, na katikati ulisikia kiti kikilia. Katika wa saba alicheka, sijui kwa nini, na mimi nikawa nasubiri pale pa kucheka kama anayesubiri mgeni. Wimbo wa tatu ndio uliokuwa na kiitikio, watu wengi wanaitikia nyuma yake, mara nne.

Kule hakukuwa na umeme. Redio ilikula betri sita, na nilizokuja nazo ndizo hizo hizo. Zikaanza kuisha. Jinsi betri zilivyopungua nguvu, kaseti ilizunguka polepole zaidi, na sauti ikashuka. Kila wiki mwimbaji alizeeka. Alipofika Guta alikuwa kijana wa miaka thelathini, na wiki ya saba alikuwa mzee wa miaka themanini anayeongea kutoka ndani ya mtungi. Magita yalikuwa yamegeuka kengele, na dramu zilikuwa hatua za mtu mzito anayeingia kanisani.

Shangazi alisikia siku moja, akasimama mlangoni na jembe. "Hiyo ni misa ya wafu?" akauliza. Kesho yake akanifukuza kwa adabu. Aliogopa kwamba redio itasikika kwa balozi wa nyumba kumi.

Ndiyo nikaenda Butiama.

Shemeji nilimkuta katika hali mbaya. Miaka kumi na minane alikuwa anaongoza kwaya ya kigango chao, kwa kijiti cha mtete na sikio lake tu. Ng'ombe wake waliisha kwa ugonjwa, uongozi wa kijiji aliukosa mara mbili, shamba lake lilikuwa la mawe. Mahali pekee duniani ambapo aliinua mkono watu wakanyamaza palikuwa ni pale mbele ya kwaya. Sasa parokia ilikuwa imemleta kijana, mwalimu wa shule aliyesoma nota, mwenye kinanda. Halmashauri ya walei ikasema siku ya sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia kila mmoja atatoa wimbo mpya baada ya komunyo. Atakayependeza ataongoza kwaya moja ya vigango vyote, na mwenzake atakaa kwenye benchi na waimbaji. Zilibaki wiki kumi. Nyimbo za shemeji zote zilijulikana hadi na watoto wa mgongoni.

Tulikula ugali na dagaa, dada akatoa vyombo. Nikawasha redio ili nimpumzishe akili. Ikatokea kwamba kaseti ilikuwa kwenye wimbo wa tatu.

Shemeji aliacha kuchokoa meno.

"Shemeji, huyu ni nani?"

"Mtaliano."

"Padre?"

"Ana ndevu."

"Nimekuuliza ni padre wa wapi."

"Shemeji, mimi nauza kaseti, siuzi mapadre."

Hapo sijasema uongo. Mtaliano alikuwa Mtaliano, na ndevu zilikuwa ndevu. Nilimwonyesha picha. Akaliangalia lile koti jeusi refu kwa muda mrefu, akatikisa kichwa kwa heshima. Kile kituo cha mafuta nyuma yake alikiona kama mlango wa seminari. Neno lililobaki, lile la fundi wa gereji, lilikuwa na herufi nne tu. Nikalimeza na maji.

"Unaniuziaje?"

"Wewe ni shemeji, sema mwenyewe."

"Ndiyo maana nakuogopa. Ukisema sema mwenyewe, mtu anatajaga kikubwa."

"Basi taja kidogo, mimi nitakataa."

Tulizunguka hapo hadi uji aliouleta dada ukapoa. Mwisho akasema nichukue yule mbuzi wa madoa. Dada akatoka jikoni.

"Yule ana mimba!"

"Najua ana mimba," akasema shemeji. "Na mimi wimbo huu utanizalia."

Dada akafuta mikono kwenye khanga. Alinigeukia mimi. Dada yangu alinibeba mgongoni nikiwa mdogo, uso wangu anaujua kwa ndani na kwa nje.

"Mdogo wangu, hiyo kaseti ina nini?"

"Ina nyimbo tisa, dada."

"Nimekuuliza ina nini. Sijakuuliza ngapi."

Nikaenda kumtazama mbuzi.

Redio nilimwachia shemeji bila malipo, na alinishukuru sana. Sikumwambia kwamba kwangu Bweri ilikuwa haina pa kukaa, msako ulikuwa bado.

Sasa, kwaya kujifunza wimbo kwa redio ambayo betri zake zimekufa, hiyo ni kazi ya kijiji kizima. Betri hazikuwepo madukani. Kila mwimbaji alitakiwa kuja na betri ya nyumbani kwake, ya redio au ya tochi, haidhuru imekufa namna gani. Asubuhi zilianikwa juu ya mwamba nyuma ya kanisa, zimepangwa kama dagaa. Jua likizipiga hadi saa nane, zilikuwa zinafufuka kidogo, dakika kumi, siku nyingine dakika saba. Wimbo wenyewe kwa mwendo ule ulichukua dakika sita na zaidi. Kwa hiyo waliusikia mara moja kwa siku. Kurudisha nyuma hawakutumia mashine, shemeji alikuwa anaizungusha kaseti kwa kalamu, taratibu, ili asichezee umeme wa watu.

Walikaa kimya kuizunguka redio, shemeji na daftari, anaandika kila sauti jinsi anavyoisikia. Kesho yake anasahihisha. Mimi nilikuwa napita kila baada ya wiki mbili, nusu siku ya baiskeli kutoka Musoma, nikipumzika Kiabakari, na kila nikija nilikuta wimbo umekuwa mzito zaidi. Sauti ya nne walikuwa wazee watatu waliozama chini hadi benchi likatetemeka. Akina mama wa sauti ya kwanza waligawana yale magita, wakiyaimba kwa "aaa" ndefu.

"Mwalimu, hapa tunasema nini?" mama mmoja aliuliza.

"Tunamsifu Mungu. Hamsikii anavyovuta pumzi?"

"Kama ana mafua."

"Ulaya ni baridi, mama. Twende tena, mstari wa pili."

Yule kijana wa nota alikuja siku moja kupeleleza. Alisimama dirishani hadi mwisho. Baadaye nikamsikia akimwambia katekista kwamba huo ni uimbaji wa watawa wa zamani sana, ambao yeye alifundishwa habari zake darasani lakini hakuwahi kuusikia. Nilimnunulia soda jioni hiyo. Soda ilikuwa moja, tukagawana.

Wiki ya nane ndipo nilipojaribiwa. Mtu wa kutoka mpakani aliniletea betri nne mpya kabisa, bado zina mafuta. Nilikwenda nazo Butiama, nilikuwa na mteja mwingine huko. Shemeji aliziona kwenye begi.

"Niuzie hizo."

"Zina mwenyewe."

"Naongeza kuku. Kuku wawili, shemeji. Tuusikie vizuri mara moja tu kabla ya siku."

Kuku wawili kwa betri nne ilikuwa bei ambayo hata mimi ningeona aibu kuitaja. Lakini nne mpya na mbili za kuanika, yule mzee wa kwenye mtungi angekuwa kijana tena mbele ya kwaya nzima, na magita yangeburuta mabati kanisani. Nikafunga begi. Ndiyo mara pekee katika maisha yangu nilipomkatalia mnunuzi mwenye bei nzuri, na shemeji alidhani ni ubahili. Alinitania mwezi mzima. "Huyu," alikuwa anawaambia watu, "kivuli chake anakipima kabla hajakuazima."

Siku ya sikukuu kanisa lilijaa hadi nje. Kijana wa nota alianza, na kinanda chake, wimbo safi, watu wakatikisa vichwa. Halafu shemeji akainua kijiti.

Nimesikia mengi ya kuuza na ya bure, lakini kile sina mahali pa kukiweka. Watu thelathini na wawili, sikuwa na jinsi ya kutowahesabu, wakaimba wimbo wa magita na mabati kama wanabeba jeneza la mfalme. Wazee watatu walishuka. Kiitikio kikaja, mara nne, kila mara polepole zaidi, maana ndivyo walivyousikia betri zikikata roho. Mara ya nne walikaribia kusimama kabisa. Hakuna aliyekohoa.

Mstari wa mbele alikuwa amekaa sista mmoja Mtaliano, wa zahanati, mtu mzima, ambaye kwa sindano zake tulimwogopa kuliko polisi. Nilimtazama yeye tu. Kwenye mstari wa kwanza aliinua kichwa. Kwenye wa pili alishika benchi. Kwenye kiitikio akatoa leso akafunika uso wote, mabega yakawa yanatikisika. Waumini waliona sista analia, na wao wakaanza kulia. Halmashauri haikuhitaji kukaa. Shemeji alipewa kwaya ya vigango vyote pale pale nje ya mlango, na kijana wa nota akampa mkono kwa moyo mweupe, akaomba awe msaidizi wake.

Nilikuwa nafungua kamba ya baiskeli niondoke sista aliponikamata.

"Wewe ndiye umeleta ile kaseti."

"Mimi ni mpita njia, sista."

"Mpita njia, sikiliza. Unajua maneno yake?"

"Sijui, sista."

"Mtu ameishiwa petroli barabara kuu. Anatukana gari lake. Anamtukana msichana wake, ameondoka na daktari wa meno. Kiitikio anamtukana daktari wa meno. Mara nne." Alikuwa bado anafuta macho, na hapo nikaona wazi kwamba hakuwa analia kwa huzuni. "Mdogo wangu wa kiume alikuwa anampenda mwimbaji huyo. Mama alimkataza asimwimbe ndani ya nyumba. Na leo nimemsikia baada ya komunyo."

Nikaangalia matairi.

"Nimwambie shemeji?"

Aligeuka kuangalia mlango wa kanisa. Ndani watu walikuwa bado wanampongeza, sauti ya shemeji ikisikika juu ya zote, mtu ambaye kwa miezi alikuwa anaongea chini chini.

"Mungu amesikia walichokuwa wanafanya wao," akasema. "Daktari wa meno hakumsikia. Usimwambie. Na ukipata betri nzuri, mpelekee mtu mwingine."

Kwa hiyo tulikuwa wawili.

Miaka ikapita, na ile biashara yangu ya kujua nani hana ikafa, kwa sababu kila mtu akawa nacho. Serikali iliruhusu watu kuingiza bidhaa. Mitumba ikaja kwa marobota, sabuni zikawa na rangi na harufu, sukari ikauzwa na watu wanaokuita upite ununue. Betri zilirundikwa chini sokoni Bunda kama mihogo. Kaseti tupu zilikuja kwa maboksi. Nami nikahamia Bunda, nikafungua kibanda cha kurekodi nyimbo. Unaleta kaseti, unachagua, nakurekodia. Vijana walitaka rumba na rege. Kaseti iliyonunuliwa kwa mbuzi mwenye mimba, mpya yake sasa ingepatikana kwa kilo mbili za dagaa, na chenji ingerudi.

Shemeji aliingia sokoni siku ya gulio, amevaa koti jeusi refu la mtumba. Sikumuuliza alilichagulia nini. Redio alikuwa ameibeba begani.

"Leo nimekuja kuusikia wimbo wangu kama unavyotakiwa," akasema. Na kabla sijapata la kumzuia, alikwishanunua betri sita mpya kwa jirani yangu, amezipanga, amebonyeza.

Yule kijana wa miaka thelathini alitoka kwenye spika kama mtu aliyefungiwa. Magita, mabati, mawe. Dramu zikakimbia. Wapagazi wawili wakatua mizigo wakaanza kucheza. Mama wa dagaa akapiga vigelegele. Shemeji alisimama amenyoosha mkono mmoja hewani, ule wa kijiti.

"Imeharibika," akasema. "Inakimbia."

Nikapanga upya kaseti zilizokwisha kupangwa.

Akasubiri kiitikio. Kikaja, mara nne, haraka, watu wanapiga kelele kama wako baa. Alikitambua. Midomo yake ilikuwa inajaribu kukifuata, haikufika. Akabonyeza, kukawa kimya, wapagazi wakalalamika.

"Ulijua?"

"Betri zilikuwa zimekufa, shemeji."

"Sijakuuliza betri."

Ni maneno ya dada yangu hayo, kasoro mbuzi wa kwenda kumtazama. Nikasema ndiyo, nilijua. Nikamwambia na ya sista, maana nilishaanza. Petroli, msichana, daktari wa meno. Aliketi kwenye stuli ya wateja. Nilidhani atanipiga, nikasogeza kaseti za watu.

"Nani mwingine anajua?"

"Sista, na alisharudi kwao. Na wewe. Na mimi."

"Basi ibaki hivyo." Akatoa zile betri sita moja moja, akazipanga mezani kwangu. "Hizi uza. Mimi nina zangu za kuanika." Halafu akasimama, akafunga koti. "Na mbuzi wangu utanirudishia."

Kwetu mbuzi akidaiwa, anadaiwa na uzao wake. Yule wa madoa alizaa pacha, wote majike. Shemeji alihesabu kwa vidole, mama, pacha, watoto wa pacha, akafika kumi na mmoja. Mimi nikahesabu, nikapata tisa. Nikahesabu tena, tisa. Nikamwambia wawili walikufa. Akasema walikufa kwa tabia yangu.

Tangu siku hiyo ni miaka mitatu. Wimbo bado unaimbwa kila sikukuu, kwa mwendo ule ule wa betri za jua. Shemeji anauongoza akiwa anajua, na dada ananiambia anauongoza vizuri kuliko zamani, hafungui macho hadi mwisho. Kwenye mazishi wanauomba. Watoto waliobatizwa mwaka wa ile sikukuu ya kwanza sasa wanaimba sauti ya kwanza. Tukikutana ananiuliza, "Mbuzi hawajambo?" namjibu, "Wanakusalimu," na biashara inaishia hapo.

Ingeishia hapo, kama si yule kijana wa nota. Sasa hivi kila kwaya inatoa kaseti yake, na wao wameshaahidiwa siku ya kurekodi mjini Musoma, Jumamosi ya wiki ijayo. Nyimbo kumi, na wa kwanza ni huo. Kijana ameniandikia barua, mwandiko mzuri. Anataka mambo mawili ya kuchapa kwenye karatasi ya ndani, jina la padre aliyetunga, na maana ya maneno yake kwa Kiswahili, angalau kiitikio. Anasema mwalimu, yaani shemeji, amemwelekeza kwangu, kwamba mimi ndiye mwenye asili yake.

Barua imepitia kwa dada, na nyuma yake ameongeza maneno ya mume wake, maana siku hizi naye anajua. Anasema nikimwandikia kijana ukweli, nilete mbuzi kumi na mmoja kabla ya barua. Nikimwandikia uongo, nilete kumi na mmoja vilevile, maana karatasi ile itakuwa na jina lake kama mwongozaji, na kaseti zinasafiri, siku moja itamfikia mtu anayejua Kitaliano. Kuhusu kumzuia kijana asiurekodi, amesema hawezi kusimama mbele ya kwaya ya vigango vyote akaunyamazisha wimbo huo bila kutoa sababu.

Nimezihesabu njia zangu mara mbili. Mara zote zinatoka tatu, ukweli, uongo na kumzuia kijana, na mbuzi ni kumi na mmoja katika kila moja, isipokuwa kwa hesabu yangu ambayo ni tisa. Mtaliano wa gereji sijui aliko. Mtu wa ndevu hajui kama ana kwaya Butiama.

Kwa hiyo naomba shauri. Mwenye nalo apite Bunda sokoni kabla ya Ijumaa, kibanda cha pili ukitoka kwa wauza dagaa. Nimjibu nini kijana, na kwenye lile pengo la mtunzi niandike nani? Chai nitalipa mimi. Mandazi tutaelewana.